Nimejaribu gemu za usukani Sinza: AE86 inakata drifti katikati, na kosa sio la gemu

Wiki mbili nzima kijiweni kwetu Kijitonyama, Dar, wimbo ni huohuo, eti ile sehemu mpya ya gemu za usukani pale Sinza ni utapeli, gemu limebanwa, ukichukua gari dogo ukaliingiza kwenye kona mkia unatoka fresh kabisa, halafu ukikanyaga mafuta uendelee kuserereka gari linanyooka lenyewe kama limekumbuka limeacha pasi kwenye umeme. Jamaa mmoja akasema wanafanya makusudi ili ulipe nusu saa nyingine. Jina la sehemu sitaji kwa sababu kuna mambo nitawasema na sitaki ugomvi.

Nikaenda Jumamosi mchana na mpwa wangu. Dogo wa mapokezi akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba roho inauma, nimekuja kucheza gemu mie sio kuamkiwa. Nusu saa buku tano, saa nzima buku nane. Seti ziko nne, kila moja ina kiti cha gari cha kweli, usukani wa kuzunguka digrii 900, pedali tatu, gia ya mkono na skrini moja pana. Gemu ni Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos, la 2014 hilo, la siku nyingi, ila kwa jinsi linavyokufanya usikie uzito wa gari ukihama bado liko vizuri kinoma.

Nikachagua Toyota AE86 kama kila mtu anavyofanya, ile ya 1983 mpaka 1987 ambayo watu wa drifti, wale wa kuserereka na gari ubavu kwa makusudi, wanaiheshimu kama babu yao. Nikaingia kwenye ile njia yao ya drifti, kona ya kwanza gia namba mbili, handbreki, mkia ukatoka, nikarudisha usukani kinyume, mafuta mpaka chini. Raha ya sekunde moja. Mlio wa injini ukaanza kushuka badala ya kupanda, tairi zikanyamaza, gari likashika lami ghafla likanirusha upande wa pili mpaka ukutani. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikarudia mara tano, yaleyale. Na hapo ndo nikajua kijiwe kizima kimemsingizia mwenye duka, maana gari la kweli lingefanya hivyohivyo.

Iko hivi, tairi ina akiba moja tu ya kushika lami, na akiba hiyohiyo inafanya kazi mbili, kusukuma gari mbele na kulizuia lisiende ubavu. Ukiwa na injini ya nguvu unaimaliza akiba yote kwa mguu wa kulia, tairi za nyuma zinazunguka kwa kasi kuliko gari linavyokwenda, hazina tena cha kuzuia ubavu, na mkia unakaa nje mpaka uamue wewe. Injini ikiwa ndogo haifiki huko. AE86 ina torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ya Nm 149 tu, zidisha na gia ya pili ambayo ni 2.022, zidisha na difu ya 4.3, unapata kama Nm 1,300 kwenye magurudumu ya nyuma, gawanya kwa nusu kipenyo cha tairi kama sentimita 29, unabaki na msukumo wa kilo 450 hivi. Sasa gari na dereva wake ni kama tani moja, nyuma panabeba karibu nusu, na ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma kidogo, kwa hiyo tairi nzima kwenye lami kavu inaweza kushika kilo 500 na kitu. Yaani 450 anapigana na 500, tena hiyo 450 ni ya siku injini iko kwenye mzunguko wake mzuri na hakuna kinachopotea njiani. Gia ya kwanza inakupa karibu kilo 800, hapo tairi zinazunguka tupu bila wasiwasi, ila inaishia km 50 na ushee kwa saa, sasa kona ya km 70 utaiingiaje nayo?

Halafu bado hatujamgusa mlaji mkubwa. Gari likishalala ubavu zile tairi zinajiburuza kwenye lami, na kule kujiburuza kunalipiwa na injini. Kwa hesabu yangu ya vidole, ukiwa km 80 kwa saa gari limelala digrii 30, msuguano wa tairi za nyuma peke yake unakula hosipawa 70 na zaidi, na hapo hujahesabu tairi za mbele, upepo, wala ile kazi ya kuzizungusha tairi kuliko barabara inavyotaka. AE86 kwenye karatasi ina hosipawa 130, nazo anazipata juu kabisa karibu mizunguko 6,600 kwa dakika. Mzunguko ukishuka kidogo nguvu inapungua, nguvu ikipungua mzunguko unazidi kushuka, ndo ule mlio niliousikia mimi, kama bajaji iliyobeba watu wanne na gunia la mkaa inapandisha vilima vya Goba kwa gia kubwa. Inafika mahali tairi inazunguka sawa na barabara, akiba ya kushika inarudi yote kwa mpigo, na usukani wako bado umeukunja kinyume. Ukutani.

Mtu ataniambia mbona Altezza za mtaani zinaserereka na ile ya AS200 ina hosipawa 160 tu. Zinaserereka kwenye kokoto na kwenye lami iliyonyeshewa, na tairi kipara. Mpe tairi mpya nne lami kavu halafu njoo unisimulie. IST usiilete kabisa kwenye hii stori, ile inavutwa na miguu ya mbele, ukikanyaga mafuta katikati ya kona unaizidishia mbele mzigo tu.

Ili nimalize ubishi nikamwambia mpwa achukue BMW M3 E92, V8 ya lita 4.0, hosipawa 420, torki Nm 400. Kona ileile. Mpwa hajawahi kushika usukani maishani mwake lakini mkia ulikaa nje hata kwa nusu ya mafuta, tatizo lake likawa lingine, anazidisha gari linazunguka kama pia. Mimi nikanyamaza, nikaacha acheke mwenyewe.

Nikarudi kwenye AE86 na hapa ndo nusu saa yangu ya pili ikawa tamu. Nilimuomba dogo wa mapokezi anibadilishie tairi, akasema braza hapa tairi hazibadilishwi, nikamuonyesha kwenye menyu ya gari, ziko aina kadhaa, nikaweka zile zinaitwa Street 90s ambazo hazishiki sana. Gari likawa lingine! Kilo 450 zile sasa zinapigana na namba ndogo na zinashinda. Toyota wenyewe wanaujua huu mchezo, GT86 yao ya 2012 ina hosipawa 200 na wakaitoa kiwandani na Michelin Primacy, tairi za aina wanazovalishwa Prius, makusudi mkia ulegee kwenye mwendo wa kawaida.

Kitu cha pili ni kuacha kutegemea mafuta. Gari dogo linaserereka kwa mwendo uliokuja nao, unaingia kona na kasi zaidi, unalitupa kidogo upande usiotaka kwenda halafu unalirudisha, na mzunguko ukianza kufa unapiga klachi haraka, unaikanyaga na kuiachia huku mafuta yako chini, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linamwaga nguvu liliyoweka na tairi zinaamka tena. Sio nguvu nyingi, ni ya kukuvusha nusu kona. Ukifika mwisho wa kona unashukuru.

Na sasa ndo nawageukia wenye duka. Klachi ya seti namba moja imelegea, ukiikanyaga inarudi inapojisikia, kwa hiyo ile mbinu muhimu kuliko zote kwa gari dogo pale haiwezekani. Mwenye M3 hataona shida yoyote, mwenye AE86 ataona gemu bovu, nadhani nusu ya lawama za kijiweni zimetoka kwenye kiti kile. Handbreki nayo ni kitufe kwenye usukani, ama imevutwa yote ama haijavutwa, hakuna kuibembeleza. Usukani wenyewe ni wa gia ndani, unarudi kinyume taratibu kuliko gari linavyotaka, inabidi uusukume kwa mkono badala ya kuuachia uzunguke wenyewe, na kwenye gari ambalo nafasi yako ni sekunde moja hiyo ni hasara. Halafu jamani ile runinga ya mpira ukutani, sauti juu, mtu anaendesha kwa kusikiliza injini nyie mnamsikilizisha kona na penati.

Huduma sina neno. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kona yangu nzuri kuliko zote (bila shaka), jenereta ikachukua kama dakika nne, dogo akaniongezea dakika zangu bila kuombwa. Feni zipo, AC hamna, vaa tisheti nyepesi. Viatu vya soli nene acha nyumbani, hutaisikia pedali.

Kama unaenda, omba seti namba tatu, pedali zake nzima. Anza na AE86 na hizo tairi nilizosema, M3 iache ya mwisho ujifurahishe. Kwa pesa ile mimi narudi, ila wakirekebisha klachi na wakaweka handbreki ya kuvuta hata bei ya nusu saa wakipandisha mpaka buku saba sitabisha.

Kabla sijatoka dogo aliniomba nimwandikie jina la zile tairi kwenye karatasi, akalibandika kwa selotepu pembeni ya skrini. Nimepita tena Jumatano, karatasi bado ipo, ila chini yake kuna mtu kaongeza kwa peni nyekundu: na klachi pia. Mwandiko naujua, ni wa mpwa wangu.