Nimesajili jina la achari yangu Uingereza: fomu nyepesi, maneno mazito

Mi napika achari, ya embe na ya ndimu, Jumamosi nauza sokoni hapa Leicester na siku zingine ni oda za WhatsApp tu. Mwaka jana nikaona mtu kabandika kwenye chupa zake jina linalokaribiana mno na langu, aisee usiku ule sikulala, nikasema basi hili jina nalisajili rasmi. Kwa hiyo hii ni rivyuu ya huduma ya kusajili alama ya biashara ya IPO, ile ofisi ya miliki bunifu ya Uingereza, makao yake Newport kule Wales. Fomu naipa nyota tano. Mimi mwenyewe raundi ya kwanza najipa moja na nusu, na ukisoma utaona kwa nini.

Kwanza tuwekane sawa, maana hata mi nilidhani nikishaandikisha kampuni Companies House jina ni langu. Wapi. Kule ni daftari la makampuni, jina lako la kwenye chupa haliwahusu, ukitaka hilo lilindwe unaenda IPO unalipa tena.

Fomu yenyewe iko mtandaoni, nimeijaza watoto wameshalala, hata chai sikuimaliza. Nilipoomba mimi bei ilikuwa paundi 170 kwa klasi moja, yani kundi moja la bidhaa au huduma, na 50 kwa kila klasi ya kuongeza, toka Aprili 2026 imekuwa 205 na 60. Klasi ziko 45, 34 za bidhaa na 11 za huduma, na hapa ndo nilipokwama, yani swali dogo la kijinga: achari ni nini? Kwetu Tanga achari ni achari, hakuna anayeuliza. Ila kwenye orodha yao mboga na matunda ya kusindika kwenye siki na chumvi yako klasi ya 29, na chatne na masosi yako klasi ya 30. Sasa ya kwangu ya ndimu ni vipande vimekaa kwenye chumvi na pilipili wiki tatu juani (jua la Leicester, mnisamehe), hiyo 29 kabisa. Ya embe naipika na sukari inakuwa nzito kama jamu, hiyo 30. Paundi 50 zimeongezeka kwa sababu ya sukari! Na usijidanganye kwamba utarekebisha baadaye, ukishatuma unaweza kupunguza bidhaa kwenye orodha lakini kuongeza huwezi, na jina ndo huligusi kabisa.

Raundi ya kwanza nilitumia njia wanayoiita Right Start, unalipa nusu kwanza, mkaguzi anapitia anakuandikia ripoti, ukiridhika unamalizia nusu ya pili ndani ya siku 28. Jumla inakuwa ghali kidogo kuliko njia ya kawaida ila ukikwama hujapoteza yote. Mi nikapeleka neno ACHARI peke yake, kwa kiburi kabisa, nikijua Mzungu wa Wales atajulia wapi Kiswahili. Ripoti ikarudi: hapana, neno linaeleza bidhaa yenyewe, kifungu cha 3 cha sheria ya alama za biashara ya 1994. Nikasahau kwamba achari tumeipata kwa Wahindi na Uingereza hii imejaa Wahindi, Leicester ndo usiseme, hilo neno liko kwenye kila duka la kona. Na hata kama asingelijua, kwa kweli ningekuwa nafanya nini pale, namnyang'anya kila mama anayepika achari neno lake? 100 ya klasi ya kwanza na 25 ya ile ya pili, zimeenda 125, hazirudi.

Na hili la maneno yetu sio utani. Mwaka 2006 kampuni moja ya hukuhuku Uingereza iliomba kusajili neno Kikoy. Kikoi hikihiki, cha mzee wa pwani anachojifunga akitoka kuoga. Kenya kukawaka moto, pingamizi likaingia, shirika la biashara ya haki la Traidcraft likasaidia, na 2008 lile ombi likafa. Nilikuwa nimewahi kuisikia hii habari na nikalaani pamoja na wenzangu, alafu miaka inapita na mimi nakwenda kufanya kitu kilekile na achari. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Katikati ya raundi mbili nikaenda kwa jamaa mmoja wa mtandaoni anayejiita mshauri wa chapa, simtaji, alichukua paundi 60 za ushauri akanitumia rasimu ya klasi sita. Sita! Vyakula vyote, vinywaji vyote, migahawa, fulana, mpaka sabuni. Nikamuuliza sabuni ya nini, akasema "weka tu dada, kesho huijui". Kama na wewe umeambiwa hivyo, kimbia. Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Sky, wale wa televisheni, dhidi ya kampuni inaitwa SkyKick. Sky walikuwa wamejaza orodha ndefu ya bidhaa, ndani yake kuna mpaka dawa za kung'arishia nguo na mijeledi, sasa kampuni ya televisheni na mjeledi wapi na wapi. Mahakama ikasema ukiomba vitu usivyo na nia ya kuviuza, ili tu uwe na silaha ya kutishia watu, hiyo inaweza kuhesabika nia mbaya na usajili wako ukakatwa kwenye vitu hivyo. Juni 2025 IPO nao wakatoa mwongozo kwamba wakaguzi wao watahoji orodha zilizopanuka kupita kiasi. Hapo mshauri wangu bado anauza sabuni.

Raundi ya pili nikaomba mwenyewe, njia ya kawaida, klasi mbili, paundi 220, na jina ni lile la utani la bibi yangu ambalo Tanga nzima hakuna mwingine aliyeitwa hivyo. Bidhaa nikaandika ninazopika tu.

Jingine lililonisumbua ni nisajili neno tupu au lebo nzima yenye picha. Neno tupu linakulinda hata ukibadilisha rangi na mwandiko kesho. Lakini kesi ya Thatchers na Aldi, yale maduka makubwa ya bei chee, ikanifanya nifikirie tena. Thatchers wanatengeneza saida, ile pombe ya matufaha, wana ya limau yenye kopo la njano lenye malimau na majani, na muonekano ule waliusajili. Aldi wakatoa ya kwao, Taurus, bei chini, malimau na majani vilevile. Thatchers wakashtaki, Januari 2024 wakashindwa, Januari 2025 Mahakama ya Rufaa ikageuza, na sio kwa sababu wateja walichanganya kopo, hapana, ila Aldi walijinufaisha isivyo haki na sifa aliyoijenga mwenzao. Kilichonifurahisha mimi ni kitu kidogo sana: kulikuwa na vimistari vyembamba vya kulala kwenye picha ya Thatchers, na vimistari hivyo vikaonekana na kwa Aldi! Kama mwanafunzi anayeibia mtihani akanakili mpaka kosa la mwenzie. Basi, hela ikiruhusu lebo nayo nitaiombea, kwa sasa nimeanza na neno.

Baada ya mkaguzi kupitisha, jina linatangazwa kwenye jarida lao la alama za biashara, linatoka Ijumaa, na watu wana miezi miwili ya kuweka pingamizi, anayetaka muda zaidi anaongezewa ifike mitatu. Jueni pia IPO hawakukatalii kwa sababu tu kuna jina linalofanana na lako, wanamtaarifu mwenye nalo, kupigana ni juu yake. Kwa hiyo kabla hujalipa pitia ule utafutaji wao wa bure, andika jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria. Miezi miwili ile kila imeli ikilia moyo unaruka.

Na kuna barua. Jina na anwani uliyojaza vinaonekana kwenye rejista, yeyote anasoma, na matapeli wanasoma kuliko wote. Wiki chache tu nikapokea ankara imeandikwa kiserikali kabisa, ina nembo, ina namba ya ombi langu, inataka mamia ya paundi "ya kuingizwa kwenye rejista". Nilishachomoa kadi ya benki. Mdogo wangu ndo akasema hebu soma chini kabisa, na chini kwa herufi za sisimizi wameandika kwamba hii ni ofa. IPO wanaonya kuhusu barua hizi kwenye saiti yao, mi sikuwa nimesoma. Ukishalipia ombi lako hudaiwi kingine mpaka uhuishe baada ya miaka 10.

Pingamizi halikuja. Cheti kimekuja kwa imeli, nikakiprinti nikakibandika juu ya friji. Sasa kilichobaki ni lebo 500 nilizochapisha mapema kwa mbwembwe zikiwa na kile kialama cha ®, cha kusema jina limesajiliwa, kumbe kukitumia kabla hujasajiliwa ni kosa la jinai Uingereza hii, kwa hiyo tulikaa jikoni mi na wanangu wawili jioni mbili nzima tunaziba kwa vistika vya duara. Sasa hivi navyoandika mkubwa yuko mezani anavibandua kimoja kimoja kwa ukucha, na kila kikitoka kinachukua na kipande cha lebo.