TAHADHARI: Muuzaji wa malori ya GMC ya vita huko Normandy ni tapeli

Ndugu zangu mlioko Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi mnaopenda magari ya zamani, someni mpaka mwisho. Nimepigwa. Pesa yenyewe ni akiba niliyokuwa naiweka tangu kazi ya bandarini Antwerp.

Nilimkuta kwenye banda la shamba lake. Lori liko mlangoni, injini inanguruma tayari. GMC CCKW, lori la jeshi la Marekani la Vita Kuu ya Pili, tairi kumi, kabini ya turubai, rangi ya jeshi mbichi hadi inanata kidoleni. Akanipa kahawa, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia dereva wa lori. Hapo ndipo aliponinasa. Akanipandisha kwenye kabini, akafuta dashibodi kwa mkono wa shati, akanionyesha kibati chenye namba na mwaka wa lori: 1944. Akasema lori hili lilikuwa kwenye Red Ball Express, ile misafara ya malori ya jeshi la Marekani, na aliyeliendesha alikuwa mtu mweusi kama mimi. Akaniachia usukani nishike. Mikono ilinitetemeka, na yeye akaona. Akanyamaza tu, ananiangalia. Pesa niliituma kwa simu palepale, nimeegemea boneti.

Atakayeuliza kwa nini nilimwamini, ajue historia aliyonisimulia ni ya kweli. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944 malori haya yalibeba mafuta na risasi kutoka Normandy kuwafuata wanajeshi waliokuwa wakisonga mbele, na karibu madereva watatu kati ya kila wanne walikuwa Wamarekani weusi, ambao jeshi lao wenyewe lilikuwa likiwabagua. Malori ya aina hii yalitengenezwa zaidi ya 560,000, na mengi yalibaki Ufaransa. Jeshi la huko liliyatumia miaka mingi, na wakata magogo wakayachukua. Alinionyesha picha ya lori likivuta magogo. Kadi ya gari alikuwa nayo, ina muhuri. Mtu anayejua yote hayo utamdhania mwizi?

Lori likaletwa juu ya trela. Asubuhi napiga selfu, kimya. Nikafungua oili, imetoka rangi ya chai ya maziwa, yaani imeingia maji. Tukakwangua rangi ubavuni mwa injini: puti! Chini yake bloku imepasuka ufa mrefu. Maji yaliachwa ndani wakati wa baridi yakaganda, halafu mtu akaziba na kupaka rangi.

Kilichoniuma zaidi ni chesisi. Fundi wangu (mzee mmoja wa Liège) alikwangua mpaka akaipata namba iliyogongwa kwenye chuma. Haifanani na ya kwenye kibati. Lori limetoka kiwandani 1945. Red Ball ilikuwa imeshafungwa! Na kadi ni ya gari jingine kabisa.

Wala msinielewe vibaya, kuchanganya vipuri si kosa. Karakana ya jeshi la Ufaransa pale La Maltournée ilizifumua GMC nyingi na kuzisuka upya, kila mtu anajua. Lakini huyu alichukua jasho la wale madereva, akaligonga kwenye kibati kipya cha skrubu, akaniuzia mimi kwa sababu ya rangi yangu. Hilo simsamehi.

Ukimkuta muuzaji ameshapasha injini moto kabla hujafika, mwambie azime na urudi kesho uione ikiwashwa baridi. Skrubu zinazong'aa kwenye kibati, rangi mbichi upande mmoja wa injini, shaka. Difu (gia ya katikati ya ekseli) pia: kwenye picha za tangazo ilikuwa ile ya duara, niliyoletewa ni ya vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti. Picha zilikuwa za lori jingine.

Simu yake haipatikani tena. Nimeshapeleka malalamiko polisi Ufaransa pamoja na kile kibati. Huyu afungwe, anyang'anywe lile banda na kila chuma kilichomo, na asiruhusiwe kuuza hata baiskeli. Kama kuna mwingine aliyelizwa na mtu wa namna hii upande wa Manche, huko Normandy, aniandikie inbox leo, tupeleke kesi pamoja.