TAHADHARI: Mkandarasi anayeonyesha bima ya gari na kudai ni bima ya ujenzi (Goba, Madale, Mbezi)

Ndugu zangu mnaojenga Dar, hasa huku Goba, Madale na Mbezi, naomba msome hii kabla hamjatoa advansi kwa mtu. Kuna mkandarasi anazunguka maeneo haya. Ana lugha nzuri, picha za maghorofa kwenye simu na faili limejaa nyaraka. Ukimuuliza bima hababaiki, anakutolea karatasi yenye nembo ya kampuni ya bima, muhuri na saini. Watu wengi wakishaiona hiyo wanaridhika.

Aliyeumizwa ni dada yangu, mjane, aliyekuwa anapandisha ghorofa moja juu ya nyumba yake. Siku ya kumwaga zege la slabu, mirunda ya upande wa jirani ilikuwa imesimamishwa kwenye udongo uliolowa mvua, bila hata kipande cha ubao chini yake. Zege lilipofika katikati, mirunda ikaanza kuzama. Slabu ikainama, ikaporomokea ukuta wa jirani. Kijana aliyekuwa anasambaza zege akashuka nayo, akavunjika paja. Mkandarasi akatutuliza: bima ipo, msiwe na wasiwasi. Kesho yake simu haipatikani.

Tukaipeleka ile karatasi kwenye ofisi ya kampuni iliyotajwa. Mhudumu aliitazama kidogo tu, akatuwekea kidole kwenye mstari uliofifia kwa kutolewa kopi mara nyingi. Ilikuwa namba ya usajili wa gari. Kumbe ni bima ya pikapu, tena ilishaisha muda! Sasa jirani anadai ukuta wake, familia ya kijana inadai gharama za hospitali, na wote wanagonga mlango wa dada, kwa sababu yeye ndiye anayepatikana.

Bima ya kazi ya ujenzi haifanani na ile. Hati yake inataja kazi yenyewe, mahali ilipo saiti, thamani ya mkataba na muda wa ujenzi, na jina la mkandarasi liwe lile lile mlilosainiana nalo. Tafuta kipengele cha dhima kwa mtu wa tatu, maana hicho ndicho kinachomgusa jirani na mpita njia. Uliza pia kama ada imelipwa, kwa sababu hati yenye ada isiyolipwa haikusaidii kitu siku ya tukio. Na mfahamu kwamba kwa kawaida bima hailipi kurudia kazi iliyojengwa ovyo, inalipa madhara yaliyotokana nayo. Kwa hiyo fundi mbovu mwenye bima bado ni fundi mbovu.

Usikubali kopi wala picha ya WhatsApp. Chukua namba ya hati, ihakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), halafu wapigie kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Hili la simu nalisisitiza sana, kwa sababu namba iliyokuwa chini ya karatasi ya huyu bwana ilipokelewa na mtu wake, akajibu kwa adabu zote kuwa bima iko hai.

Vibarua nao wana habari yao. Wafanyakazi wa mkandarasi wanaoumia kazini wanahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kila mwajiri Tanzania Bara anatakiwa ajisajili huko. Dai cheti chake. Cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, nacho kidai, uangalie na daraja la mkandarasi, maana kwa wa majengo yako saba na, ukiacha la kwanza, kila moja lina ukomo wa thamani ya kazi. Mkandarasi wa kweli hakasiriki kuulizwa haya. Huyu wetu alipoombwa hati halisi alikuja juu, akasema ana wateja wengine wanaomsubiri.

Taarifa zimeshafika polisi na CRB, lakini tunasikia bado anachukua kazi. Kama yuko kwenye saiti yako sasa hivi, simamisha umwagaji wa zege mpaka mhandisi mwingine akague mirunda na nondo. Na karatasi yoyote ya bima aliyokupa usiitupe, ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe, kwa sababu kesi hii inahitaji ushahidi kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja.