Uzoefu wangu katika duka la vifaa vya redio za ridhaa: nilifuata amplifaya, nikatoka na kebo

Niliingia katika duka hili nikiwa nimekwisha kuamua ninachokitaka, na muuzaji akanizuia nisikinunue. Pengine hilo peke yake lingetosha kuwa tathmini ya huduma yao. Lakini kwa kuwa wengi wetu tunaorusha mawimbi kwa ridhaa, yaani kwa kujifurahisha na si kwa biashara, siku hizi huagiza kila kitu mtandaoni, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka mingi bila majuto, nitaeleza kwa utaratibu kilichonitokea.

Shida yangu ilikuwa hii. Kwa miezi kadhaa nilizisikia stesheni za mbali kwenye bendi ya mita 20, yaani megahezi 14, vizuri kabisa, lakini nilipoziita hazikunijibu, au zilinijibu na kuniomba nirudie alama yangu ya mwito, herufi na namba zinazonitambulisha hewani, mara tatu au nne. Redio yangu hurusha wati 100. Mita ya SWR, yaani kipimo kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinakataliwa na antena na kurudi redioni, ilisoma chini ya 1.5, na 1 ndiyo bora kabisa, nami nikaionea fahari namba hiyo. Nikahitimisha kwamba antena haina kosa, redio haina kosa, kilichopungua ni nguvu tu, na dawa yake ni amplifaya, chombo cha kukuza nguvu za redio, ya wati 500. Niliiona mtandaoni, nikasita kwa sababu ya uzito wake na gharama ya kuisafirisha, ndipo nikaamua kwenda kuitazama dukani kwanza.

Muuzaji, mtu mzima aliyekuwa akipanga plagi ndogondogo katika visanduku, alinisikiliza hadi mwisho bila kuigusa amplifaya niliyokuwa nikiionyesha kwa kidole. Kisha akauliza, "Na ukihamia megahezi 21, mita inasomaje?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba hata huko haipiti 1.5. Akauliza antena yangu ni ya namna gani. Nikamwambia ni waya wa nusu wimbi, uliokatwa kwa megahezi 14.

"Basi, mwanangu, hiyo SWR ni nzuri kupita kiasi," akasema. "Waya wa 14 hauna sababu ya kuikubali 21. Kabla sijakuuzia chochote, niletee kebo yako."

Nakiri kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimekwenda na nia ya kununua chombo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa kwenye rafu yake, naye ananituma nyumbani kupanda juu ya paa. Hata hivyo neno lile la "nzuri kupita kiasi" lilinikaa kichwani, na kesho yake nikaifungua kebo itokayo redioni hadi kwenye antena, mita 30 za aina nyembamba iitwayo RG-58 zilizokuwa zimekaa nje kwa misimu mingi ya mvua, nikaikunja na kumpelekea.

Jaribio alilolifanya lilichukua muda usiozidi dakika tano, na lilifanyika juu ya kaunta mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Aliunganisha ncha moja ya kebo kwenye redio ya majaribio kupitia mita ya SWR, na ile ncha ya pili akaiacha wazi, haina antena wala chochote. Akapunguza nguvu za redio, akabonyeza swichi ya kurushia. Kebo iliyo wazi upande wa pili haina pa kupeleka nguvu, kwa hiyo karibu zote hurudi, na sindano hupaswa kukimbilia mwisho wa kipimo. Sindano ilipanda ikasimama kwenye 1.5. Namba ileile niliyoionea fahari kwa miezi yote ile! Kisha akafunga mita ya wati na mzigo wa majaribio wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, kwenye ncha iliyokuwa wazi, akapeleka wati 100 kutoka redioni, tukasoma zilizofika: 20.

Alinieleza hivi, nami nimeirudia hesabu nyumbani nikaona ni sahihi. Kebo ilikuwa ikipoteza desibeli 7 katika safari moja; desibeli hupima nguvu imezidi au imepungua mara ngapi, na 7 ni mara tano. Nguvu inayokwenda hadi mwisho, ikagonga na kurudi, hukatwa mara mbili, jumla desibeli 14, kwa hiyo kinachofika tena kwenye mita ni kidogo sana, na mita, ambayo haijui kitu kingine ila uwiano wa kinachokwenda na kinachorudi, huona kwamba hali ni shwari. Kebo mbovu hivyo huificha antena mbovu, na huificha pia antena ambayo haipo kabisa. Kebo ya aina hiyohiyo ikiwa mpya, kwa urefu ule na masafa yale, ingefikisha takriban wati 67, na kebo nene ya RG-213 ingefikisha zaidi ya 80.

Nikamwuliza mbona nilikuwa nikisikia vizuri. Akasema desibeli 7 ni kama alama moja tu kwenye mita ya mapokezi, na kwamba kwenye masafa haya kelele za anga huingia kwa njia ileile ya antena, kwa hiyo kebo inapozipunguza sauti inazipunguza pamoja na kelele, na sikio halioni tofauti. Ni upande wa kurusha peke yake unaoumia. Kisha akaniachia hesabu moja ya mwisho, na nadhani aliifurahia: kutoka wati 100 hadi 500 ni desibeli 7 kamili. Ningenunua amplifaya ile, nikaibeba, nikaifunga, na kwenye antena zingefika wati 100, zile ambazo redio yangu ilikuwa ikizitoa tangu mwanzo. Wati 400 zilizobaki zingepasha kebo joto.

Alichana ganda la kebo kwa kisu karibu na plagi ya upande wa antena. Nyuzi za shaba zilizopaswa kung'aa zilikuwa nyeusi, na weusi huo uliendelea kila alipozidi kuchana, maana maji yakishaingia kwenye wavu wa shaba hunyonywa ndani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Kosa lilikuwa langu. Nilizungushia plagi utepe wa kawaida wa umeme, ambao juani hulegea na kufunguka. Nilitoka dukani na mita 30 za RG-213, plagi mbili za PL-259, na mkanda wa mpira wa aina inayojigandisha yenyewe ikivutwa na kuzungushwa. Alinishauri niweke utepe wa umeme juu ya mkanda huo ili kuukinga na jua, na kebo niishushe kidogo chini ya tundu la ukutani kabla ya kuipandisha kuingia ndani, ili matone ya mvua yadondokee pale inapopinda.

Matokeo: kwenye megahezi 14.2 mita sasa inasoma 1.3, na nikihamia 21 sindano inapita 3 na redio inapunguza nguvu yenyewe ili kujilinda. Sikuwahi kufurahia SWR mbaya kama siku ile.

Duka la mtandaoni lingenihudumia vipi katika jambo hili? Lingeniuzia amplifaya, na lingeniuzia kwa uaminifu kabisa, kwa bei nafuu kuliko hapa, likanifikishia salama. Nisingekuwa na lalamiko lolote dhidi yake, kwa kuwa lingekuwa limenipa nilichoomba. Tofauti ni kwamba swali langu lilikuwa na kosa ndani yake, na ukurasa wa mauzo haukuulizi megahezi 21 inasomaje.

Tangu hapo nimerudi mara nyingi, na kitu kinachonivuta zaidi ni meza ya kusikilizia. Redio tatu au nne zimewekwa pamoja, zimeunganishwa kwa swichi na antena moja ya kweli iliyo juu ya paa, na mteja huruhusiwa kukaa na kuzungusha kwa muda anaoutaka. Hakuna jedwali la vipimo linaloweza kufanya kazi hiyo. Jioni moja nilizilinganisha redio mbili kwenye megahezi 7, wakati bendi imejaa, na ile ambayo kwa maandishi ilikuwa bora kwa kila kipengele ilinichosha katika nusu saa: feni yake iliwaka kwa mlio mwembamba kila nilipoacha kubonyeza swichi ya kurushia, na ili kubana upana wa kichujio ilinibidi kuingia kwenye menyu mara mbili, wakati ile nyingine ilikuwa na nobu yake mahali mkono unapoangukia wenyewe. Halafu kuna nobu kubwa ya kutafutia masafa. Uzito wake, namna inavyoendelea kuzunguka kidogo baada ya kidole kuondoka, ni jambo ambalo mtu hulijua kwa vidole tu, na ndilo atakaloligusa kila siku kwa miaka kumi ijayo.

Upande wa vitu vidogo nitaupitia haraka, ingawa ndio unaoniokoa mara nyingi. Wana pete za feraiti za kuzuia kelele, baluni (kifaa cha kuunganisha kebo na antena ya waya), fyuzi, adapta za kutoka plagi ya BNC kwenda ya PL-259, na waya wa antena unaokatwa kwa mita. Nilipoomba mita 20 za waya kwa antena ya megahezi 7 waliniuliza kama nimehesabu kipande cha kukunja kwenye vihami vya ncha, wakanikatia 21. Kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Jambo la maikrofoni nalo linastahili sentensi mbili: plagi ya mviringo yenye pini 8 inafanana kwa umbo kwenye redio nyingi za Icom na za Kenwood, lakini pini namba 2 kwa Icom hutoa volti 8 na kwa Kenwood ndiyo ya swichi ya kurushia, kwa hiyo anayechomeka maikrofoni ya moja kwenye nyingine kwa kuwa "imeingia" anaweza kuupeleka umeme huo mahali usipotakiwa. Muuzaji hakuachi utoke dukani na maikrofoni kabla hujamtajia redio yako.

Rafu ya vifaa vilivyotumika ni mahali pa hatari kwa mtu mwenye udhaifu kama wangu. Nimeona hapo Kenwood TS-830S, yenye valvu mbili za 6146B, zile chupa za kioo zilizokuza nguvu kabla ya transista, katika hatua ya mwisho, ikiwa imewashwa na kuonyeshwa namna ya kuilinganisha na antena kabla ya kurusha, ustadi ambao redio za transista zimetusahaulisha. Kila chombo kwenye rafu hiyo kina karatasi inayotaja ubovu wake: onyesho lililofifia, nobu iliyobadilishwa, nguvu zinazoshuka kwenye bendi ya mita 10. Mnunuzi wa chombo cha valvu huonywa pia kwamba kapasita zake hushika umeme unaoweza kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Nikilinganisha na picha tatu zenye ukungu ambazo muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia zamani, akasema "inafanya kazi vizuri" juu ya redio iliyokuwa haipokei bendi mbili, naona thamani ya karatasi ile.

Kasoro zipo, nami sitazificha. Vifaa vipya huchelewa kufika, na kwa chombo ambacho hakipo rafuni utaambiwa usubiri muda ambao mtandao ungekuwa umekwisha kukuletea. Bei ya redio mpya iko juu kidogo, ingawa matengenezo madogo na ushauri hawakutozi. Mara moja waliniagizia kichujio cha modeli tofauti na redio yangu; walikibadilisha bila ubishi, lakini nilikuwa nimekwisha kufungua redio na kuyaacha matumbo yake mezani. Na kuna wazee wa kaunta, wateja wa siku zote, ambao mgeni akiuliza swali dogo watamjibu watatu kwa pamoja na kwa kupingana. Mara nyingine mmoja wao huwa sahihi. Anayeanza, ambaye bado anajiandaa kwa mtihani wa leseni, anaweza kutishika. Namshauri aende asubuhi, kabla hawajafika.

Maduka ya namna hii yamepungua sana. RadioShack, kampuni ya maduka ya Marekani, ilianzishwa Boston mwaka 1921 kwa ajili ya watu wetu hasa, warushaji wa ridhaa na maofisa wa redio za meli, na jina lenyewe lilitokana na kile kichumba cha redio kilichokuwa melini. Ilipofilisika mwaka 2015 ilikuwa kwa muda mrefu imeshageuka duka la simu. Sioni haja ya kuomboleza, kwa sababu lililokufa lilikuwa limeacha kuuliza maswali miaka mingi kabla ya kufunga milango.

Wiki iliyopita nilipita kununua fyuzi. Amplifaya ya wati 500 bado ipo pale pale, nami, kwa kuwa sasa kebo yangu ni mpya na hesabu yangu ni safi, nikaiulizia tena. Mzee akaniuliza antena yangu iko juu mita ngapi. Nikamjibu sita, na nilipolitamka nikajua mwenyewe kwamba ni chini mno. Akarudi kupanga plagi zake.