systemd na faili zake za usanidi: tathmini ya mtumiaji

Tangu ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux, imezua ubishi mwingi kuhusu ukubwa wake na wingi wa kazi ilizojitwika. Tathmini hii inahusu jambo moja tu, nalo ni namna inavyomwezesha msimamizi wa seva kupanga mwenendo wa huduma zake kwa faili za maandishi ya kawaida. Kwa upande huo naiona kuwa kazi iliyofikiriwa vizuri, ingawa ina kasoro mbili zilizowahi kuninyima usingizi.

Ubora wake mkubwa umo katika mpangilio wa saraka. Faili zinazoletwa na programu zenyewe hukaa katika /usr/lib/systemd/system, za muda, ambazo hupotea mashine inapozimwa, hukaa katika /run/systemd/system, na za msimamizi hukaa katika /etc/systemd/system, na majina yakigongana hizi za msimamizi ndizo zinazofuatwa. Simshauri mtu anakili faili nzima kwenda /etc kwa ajili ya kubadili mstari mmoja, kwa kuwa nakala hiyo huifunika faili ya asili, na marekebisho yatakayokuja na matoleo mapya hayatamfikia. Njia iliyo salama ni faili ya nyongeza: amri ya systemctl edit hufungua override.conf ndani ya saraka yenye jina la huduma linaloishia na .d, nawe huandika kile tu unachokibadili.

Utaratibu huohuo unatumika kwa systemd yenyewe. Badala ya kuigusa /etc/systemd/system.conf, mimi huweka faili ndogo katika /etc/systemd/system.conf.d, chini ya sehemu ya [Manager], na kuandika, kwa mfano, DefaultTimeoutStopSec=30s ili huduma isiyotaka kuzimika isisubiriwe kwa sekunde 90 za kawaida. Kwa kuwa faili hizi husomwa kwa mfuatano wa majina, nalianza kila jina kwa tarakimu mbili, kama 50-muda.conf, na hapo hujua bila kubahatisha ni ipi itakayoishinda nyingine.

Kasoro ya kwanza ni kwamba si kila thamani mpya huifuta ya zamani. Nilipoandika ExecStart= mpya, yaani mstari unaotaja amri ya kuanzisha huduma, katika faili ya nyongeza, iliongezwa juu ya ile ya asili, na huduma ikakataa kuanza, kwa maana ni huduma za aina ya oneshot pekee, zile zinazofanya kazi yao mara moja na kumaliza, zinazoruhusiwa kuwa na ExecStart zaidi ya moja. Dawa yake ni kuandika kwanza ExecStart= tupu, kisha mstari wa pili wenye amri mpya. Sheria hiyo imeelezwa katika kurasa za mwongozo, lakini faili yenyewe haikupi dalili yoyote, na ukiwa na seva iliyolala usiku wa manane huna nafasi ya kusoma kurasa hizo kwa utulivu.

Ya pili naiona nzito zaidi. Ukikosea herufi moja katika jina la chaguo, systemd huandika onyo katika kumbukumbu zake za matukio (log), huupuuza mstari huo na kuendelea na kazi, hivyo unaweza kuamini kuwa umeiwekea huduma kikomo cha matumizi ya RAM ilhali hakipo. Ndiyo maana siku hizi hupitisha kila faili ya huduma kwenye systemd-analyze verify, inayokagua makosa ya aina hiyo, kabla ya kutoa amri ya systemctl daemon-reload, inayoifanya systemd isome upya faili zake, kisha huiwasha huduma upya, kwa sababu mchakato uliokwisha kuanza hubaki na vikomo vingi ulivyoanza navyo.

Zana za ukaguzi zinastahili sifa kamili. Amri ya systemctl cat huonyesha faili ya huduma pamoja na nyongeza zake zote na mahali kila moja ilipo, systemd-delta hubainisha kilichofunikwa na kilichoongezwa katika mfumo mzima, na systemd-analyze cat-config systemd/system.conf hufanya hivyo kwa mipangilio ya systemd yenyewe. Ninapokabidhiwa seva iliyopangwa na mtu mwingine, naanza na systemd-delta kabla ya kufungua faili yoyote.