Kuomba Rekodi za Kaunti Nchini Kenya: Sheria Nzuri, Masijala Mazito

Huduma ya kuomba rekodi za kaunti haina dirisha wala bango mlangoni, lakini ipo kisheria katika kaunti zote 47. Mwananchi anaandika barua, ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21, na kuuliza hakutozwi hata shilingi. Msingi wake ni Kifungu cha 35 cha Katiba, Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na kifungu cha 96 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Sheria inastahili alama za juu. Utekelezaji unayumba: barua mbili zinazouliza jambo moja zinaweza kupelekwa ofisi moja siku moja, ya kwanza ikarudi na mkataba, ya pili ikafia masijala. Mara nyingi chanzo ni namna barua yenyewe ilivyoandikwa.

Kabla ya kuandika chochote, angalia kama hati unayoitaka haijatolewa tayari. Tovuti za kaunti zenyewe ni dhaifu. Viungo vingi vimekufa, na bajeti nyingine ni kurasa zilizopigwa picha, hivyo huwezi kutafuta jina la wadi yako ndani yake. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti ni bora zaidi: hutoka kwa kila robo ya mwaka na huonyesha kaunti ilipokea kiasi gani, ilitumia kiasi gani na ina madeni kiasi gani ambayo haijalipa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchelewa, ila ndizo zinazotaja miradi iliyokwama kwa jina na kiasi kilicholipwa. Zisome kwanza, kwa sababu zitakupa jina kamili la mradi na mwaka wa fedha, na mara nyingine hata nambari ya zabuni, na hayo ndiyo yatakayoifanya barua yako iwe ngumu kukwepa.

Kalenda nayo inasaidia. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ripoti ya robo mwaka hudaiwa ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Ukiomba makadirio mwezi Machi utaambiwa kwa haki kabisa kwamba hayapo. Ukiomba katikati ya Mei, "bado yanaandaliwa" si jibu tena. Karani wa bunge la kaunti ni mlango ambao watu husahau: hati zilizowasilishwa bungeni, ripoti za kamati na Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala, ziko kwake, hata pale ambapo afisi ya wizara ya kaunti imenyamaza.

Kosa linalopoteza muda mwingi ni kubisha mlango usiofaa. Kaunti ina leseni za biashara, vibali vya ujenzi, orodha ya uthamini kwa ajili ya ada za ardhi, masoko, zahanati na hospitali za kaunti, chekechea na barabara za kaunti. Haina hatimiliki za ardhi, vyeti vya kuzaliwa na vifo, usajili wa kampuni, wala faili za polisi na mahakama. Hizo ni za serikali kuu. Barabara zinachanganya zaidi, maana mbili zinaweza kupita kijiji kimoja, moja ya kaunti na nyingine ya mamlaka za barabara za serikali kuu: KeRRA (vijijini), KURA (mijini) au KeNHA (barabara kuu). Basari pia. Ile ya NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge wa serikali kuu, hutoka ofisi ya eneo bunge, ile ya kaunti hutoka idara ya elimu ya kaunti, na kila upande hufurahia kukuelekeza kwa mwenzake. Sheria ina dawa ya hili: ofisi isiyo na habari uliyoomba lakini inayojua iliko inatakiwa kuihamisha barua ndani ya siku tano, na siku 21 zinaendelea kuhesabiwa tangu ulipoomba mara ya kwanza. Andika ombi hilo ndani ya barua, kwamba ikiwa hati iko kwingine, wahamishe na wakujulishe.

Sasa barua yenyewe. Inaweza kuwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisi inayodai ni Kiingereza tu inajitungia sheria. Kama kaunti ina fomu yake, ijaze ukipenda, lakini hawawezi kukataa ombi kwa sababu tu halikuja kwenye fomu. Asiyeweza kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na ni kazi ya afisa kuliandika ombi hilo na kumpa nakala. Huna haja ya kueleza sababu, na ni afadhali usieleze: sababu humpa afisa kitu cha kubishana nacho. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo taja uraia wako na nambari ya kitambulisho. Kampuni au chama kinachodhibitiwa na raia wa Kenya nacho kinaweza kuomba.

Sharti la barua nzuri ni moja: omba hati, usiombe maelezo. "Tunataka kujua kwa nini soko halijakamilika" ni malalamiko, na yatajibiwa kwa aya tatu za pole na ahadi. Andika hivi badala yake: "Naomba nakala za (1) mkataba uliotiwa saini wa ujenzi wa soko la mahali fulani, zabuni nambari fulani, mwaka wa fedha fulani, (2) BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) iliyoambatishwa, (3) vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi leo, (4) ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji." Kila kimojawapo ni karatasi iliyo katika faili, na kukosekana kwake ni habari tosha. BQ ndiyo inayosema unene wa kokoto na idadi ya makalavati, kwa hiyo ukiwa nayo unaweza kwenda barabarani na futi ya kupimia. Cheti cha malipo kinaonyesha mhandisi aliidhinisha asilimia ngapi ya kazi. Viweke viwili hivyo sambamba na hutahitaji kuuliza "kwa nini".

Usizidishe. Vitu vinne au vitano vya mradi mmoja vinatosha. Barua inayodai "mikataba yote ya kaunti tangu 2013" huwapa sababu halali ya kuongeza siku 14, na sheria inaruhusu nyongeza hiyo mara moja tu, kwa maombi makubwa au yanayohitaji mashauriano. Pia itakuletea gharama ya kurudufu. Ada hiyo haipaswi kuzidi gharama halisi ya kunakili na kufikisha, na unaweza kuikwepa kwa kuomba nakala za kielektroniki kwa barua pepe, au kwenda kuzisoma palepale ofisini. Kwa kazi za zamani, kumbuka kwamba rekodi za ununuzi zinatakiwa kuhifadhiwa angalau miaka sita baada ya mkataba kukamilika. "Faili limepotea" kwa mradi wa miaka mitatu iliyopita ni kukiri kosa.

Ipeleke kwa katibu wa kaunti, nakala kwa afisa mkuu wa idara husika. Kisheria afisa wa habari ni mkuu wa taasisi, hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo, hivyo barua iliyoachwa kwa msimamizi wa wadi pekee haina mwenyewe. Chukua nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huna siku ya kuanzia kuhesabu, na huu ndio udhaifu mkubwa wa huduma nzima. Masijala wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe siku hiyohiyo na kwa rejista ya posta, kisha utunze risiti. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu inadaiwa ndani ya saa 48, na maneno hayo yaandikwe juu kabisa ya barua.

Majibu ya kukataa yanajirudia. "Ni siri ya kibiashara" hutumika kuficha bei za mkandarasi, ilhali sheria hiyohiyo inaitaka taasisi ya umma itangaze yenyewe kiasi cha mkataba, jina la mzabuni na muda wa kazi. "Ulinzi wa data" hutumika kwenye basari, na hapo wana hoja nusu. Omba idadi ya wanufaika na kiasi kwa kila wadi bila majina ya watoto. Sehemu ya hati ikiwa na siri, wanaweza kuiziba na kutoa iliyobaki. Hata habari iliyolindwa inaweza kutolewa pale maslahi ya umma yanapozidi madhara. Kutishia faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha miezi mitatu, ambayo sheria inaiweka kwa afisa asiyejibu, hakusaidii katika barua ya kwanza. Iache kwa ya pili.

Kimya nacho ni jibu: siku 21 zikipita, ombi linahesabiwa kuwa limekataliwa. Barua iliyopokelewa Machi 3 inafikia ukomo Machi 24, au Aprili 7 kama walikuandikia kuongeza siku. Tangu hapo una siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ofisi ya Ombudsman, bila malipo. Ina afisi Nairobi na matawi kwingine, yakiwemo ya Mombasa, Kisumu, Eldoret na Isiolo. Hapa ndipo huduma inapopata meno, kwa sababu afisa aliyepuuza mwananchi huwa mwepesi kujibu barua yenye nembo ya Tume. Peleka nakala yenye muhuri, majibu yoyote uliyopata, na ukurasa mmoja unaotaja tarehe kwa mfuatano. Tume haina haraka, jambo linaloipunguzia alama, lakini amri yake inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu. Asiyeridhika na amri hiyo, awe wewe au kaunti, ana siku 21 za kukata rufaa katika mahakama hiyohiyo.