Fundi pampu wa Chang'ombe, Dodoma: Canter yangu imeacha kufuka moshi

Mama anayeuza nyanya pale Majengo, karibu na ninaposhushia mahindi ya Kibaigwa, aliniambia, "Mwanangu, gari lako linanipakaza masizi." Nikaona aibu. Kweli, Canter yangu (injini 4D33) ilikuwa ikitoa moshi mweusi tii kila nikikanyaga mafuta.

Fundi wa kwanza alisema ringi za pistoni zimekwisha, tufanye oveholi, yaani tufungue injini yote. Nikasita, nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Chang'ombe anayeshughulika na pampu za dizeli na nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini) tu.

Hakushika spana. Aliniambia nipige resi, akatazama ekzosi. "Ringi zikiisha injini inakula oili, moshi unakuwa wa bluu. Wako mweusi. Dizeli ni nyingi kuliko hewa, haimalizi kuungua." Akachomoa ea klina (chujio la hewa), akaigonga chini: vumbi la njia za mashamba ya Kongwa likamwagika.

Kisha akazifunga nozeli nne, moja moja, kwenye mashine ya kupimia, akaniita nione. Mbili zilipuliza ukungu mwembamba. Ya tatu ilidondosha matone kama bomba bovu, ya nne ilifunguka kabla presha haijafika. Tone kubwa, akasema, huungua juujuu, linalobaki ndilo masizi.

Pampu nayo iliwahi kuchokonolewa ili gari liwe na nguvu: skrubu ya mafuta ilikuwa imefunguliwa kupita kiasi. Akairudisha kwenye kipimo, akapanga na taimingi, maana mafuta yakichelewa kuingia, pistoni inakuwa imeshaanza kushuka na hayapati muda wa kuungua. Akanikumbusha pia kwamba Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Kipimo cha mafuta cha pwani huku kinazidi.

Nililipa 340,000, pamoja na nozeli mbili mpya. Aliniahidi siku moja, zikawa mbili, na hapo kwake hakuna hata benchi la kivulini. Hilo alirekebishe, jua letu mnalijua. Mlimani sasa nashuka gia mapema kidogo kuliko zamani, lakini Kibaigwa kwenda na kurudi natumia lita 36 badala ya 45.

Mkienda, msitupe ea klina ya zamani. Huanza kwa kuikagua hiyo.